Granville Woods, fundi aliyetaka treni zisemezane zikiwa safarini

Hivi karibuni msikilizaji wetu mmoja wa upande wa Handeni alitutumia video fupi kwenye simu ya studio. Ndani yake kuna meza kubwa, na juu ya meza kuna mji mzima mdogo: vilima, madaraja, nyumba, na reli nyembamba zinazopita katikati. Treni nne za kuchezea zinatembea humo kwa wakati mmoja. Moja inaingia stesheni na kusimama, ya pili inapita, kisha ile ya kwanza inaondoka. Mkono wa mtu hauonekani. Msikilizaji akauliza: nani anaziendesha, na mbona hazigongani?

Sisi tuliokulia huku tulitengeneza magari ya waya na makopo, tukayasukuma kwa fimbo, kwa hiyo treni ya mezani kwetu ni kitu cha kutazama tu kwenye simu. Lakini swali lenyewe si la kitoto. Ni swali ambalo watu wazima wamelihangaikia tangu reli zilipoanza, na watu wengi wamekufa kabla jibu halijapatikana vizuri. Mmoja wa waliolitafutia jibu alikuwa fundi Mweusi wa Marekani ambaye kule anafundishwa shuleni, ingawa huku kwetu hatajwi sana. Jina lake ni Granville Woods. Tumeona tumjibu msikilizaji wetu kwa kusimulia maisha yake.

Lakini kabla ya kwenda Marekani, tusimame kidogo Korogwe.

Reli moja, treni nyingi

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Baadaye, mwaka 1963, iliunganishwa na Reli ya Kati kwa njia inayotoka Mnyusi, hapa hapa wilayani Korogwe, hadi Ruvu. Ndiyo maana leo mtu anaweza kupanda treni Dar es Salaam akapita Korogwe kwenda Moshi.

Njia hiyo ni moja. Treni inayopanda kwenda Moshi na inayoteremka kwenda Tanga hupita juu ya vyuma vile vile viwili. Basi likikutana na lori kwenye barabara nyembamba, mmoja atachepuka porini ampishe mwenzake. Treni haina pa kuchepukia. Tena haisimami papo hapo. Treni nzito ya mizigo inaweza kuhitaji mamia ya mita, na mara nyingine hata kilomita nzima, tangu dereva akamate breki hadi magurudumu yatulie. Dereva akishaiona taa ya mwenzake mbele yake kwenye kona, mara nyingi muda umekwisha.

Kwa hiyo treni hupishana stesheni tu, pale ambapo reli inagawanyika kuwa mbili au tatu. Kati ya stesheni na stesheni sheria ni moja: kipande kimoja cha njia, treni moja. Stesheni masta wa huku hatoi ruhusa mpaka wa kule athibitishe kwamba njia ni tupu.

Tunajua kinachotokea treni mbili zikikutana mahali pasipofaa. Tarehe 24 Juni 2002, katika mkoa wa Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima upande wa Msagali ilishindwa, ikarudi nyuma ikiteremka kwa kasi, ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa kwenye njia hiyo hiyo. Watu zaidi ya 280 walikufa. Wapo wasikilizaji wetu waliopoteza ndugu siku ile, nao hawahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili ni zito.

Basi wale mafundi wa treni za mezani wanafanya jambo lile lile kwa udogo. Wanaigawa reli yao vipande vipande, na kila kipande kinatengwa na kingine kwa mwanya mdogo ili umeme usivuke. Kila kipande kina kifaa kinachotambua kama kuna treni juu yake. Kompyuta au kisanduku kidogo cha umeme kinakusanya taarifa zote, na treni haipewi ruhusa ya kuingia kipande cha mbele mpaka kiwe kitupu. Tangu miaka ya 1990 umeenea pia mtindo wa kuweka ndani ya kila kichwa cha treni kifaa chenye namba yake, kama laini ya simu. Amri inapita kwenye reli ikisema namba tatu punguza mwendo, na treni nyingine zote zinaipuuza. Hapo mtu mmoja, au kompyuta peke yake, anaweza kuziongoza treni kumi.

Hiyo njia ya kutambua treni kwenye kipande haikuanzia mezani. Ilianzia kwenye reli kubwa. Mmarekani William Robinson alipata hataza yake mwaka 1872. Hataza ni hati ya serikali inayomlinda mgunduzi ili wengine wasitumie wazo lake bila ruhusa, nayo tutaitaja sana kuanzia hapa. Robinson alipitisha umeme mdogo kwenye reli za kipande kimoja. Treni ikiingia, magurudumu yake ya chuma yanaunganisha reli ya kushoto na ya kulia, umeme unakata njia ya mkato kupitia magurudumu, na ishara inageuka yenyewe kuwa ya hatari.

Lakini palibaki pengo. Ishara zote hizo ziko nje ya treni, zimesimama kando ya njia. Dereva akishaondoka stesheni alikuwa kama mtu aliyezama majini, hamfikii mtu wala hafikiwi. Ikitokea daraja limezolewa na mafuriko mbele yake, au treni nyingine imeharibika kwenye kona, stesheni masta anayejua habari hiyo hakuwa na namna ya kumwambia. Telegrafu ilikuwepo. Reli za Marekani zilianza kuitumia kupanga treni mwaka 1851, pale msimamizi wa reli ya Erie, Charles Minot, alipotuma ujumbe treni ya upande wa pili izuiwe stesheni ili yake iendelee. Inasimuliwa kwamba dereva wake aligoma kuendesha kwa kuamini waya, Minot akashika usukani mwenyewe, na yule dereva akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa cha behewa la mwisho. Tunamwelewa! Ila telegrafu hiyo ilifika stesheni tu. Kwenye treni inayotembea utafungaje waya?

Hapo ndipo anapoingia Woods.

Kijana wa karakana

Granville T. Woods alizaliwa tarehe 23 Aprili 1856 katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Ohio haikuwa jimbo la utumwa, lakini ng'ambo ya mto wa mpakani, Kentucky, watu Weusi walikuwa bado wanauzwa na kununuliwa. Woods alikuwa na umri wa miaka 9 utumwa ulipofutwa Marekani nzima. Shule aliiacha akiwa na miaka kama 10 ili afanye kazi, jambo ambalo wengi wetu huku tunalijua kwa majina ya watu tuliosoma nao darasa moja.

Alianza karakanani, akajifunza ufundi wa chuma na mashine. Alipofika ujana alipata kazi kwenye reli katika jimbo la Missouri, kazi ya kuchochea moto. Zama zile kichwa cha treni kiliendeshwa kwa mvuke, na mchochezi ndiye aliyetupa makaa tanuruni mwendo mzima, uso unaungua na mgongo unapigwa na baridi. Baadaye alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha na kunyoosha chuma huko Illinois, kisha akawa fundi wa mitambo ndani ya meli ya Waingereza. Kote huko alikuwa ananunua vitabu vya umeme na kujisomea usiku.

Hatua hii tunapenda kuikazia. Kuna wagunduzi waliofikia reli kutoka maabara. Woods alikuwa amekaa ndani ya kichwa cha treni usiku. Alijua jinsi dereva na mchochezi wanavyotazama giza mbele bila kujua kilichopo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alihamia Cincinnati, mji mwingine wa Ohio. Ujuzi alikuwa nao, uzoefu alikuwa nao, lakini kazi ya uhandisi yenye hadhi hawakumpa mtu wa rangi yake. Akaamua kujitegemea. Mwaka 1884 alipata hataza yake ya kwanza, ya tanuru bora la kuchemshia maji ya mvuke. Mwaka uliofuata akapata nyingine, ya kifaa kilichoweza kupeleka sauti ya mtu na alama za telegrafu katika waya ule ule. Kampuni kubwa ya simu ya Bell ikainunua. Kwa mtu aliyeacha shule akiwa mtoto, hilo si jambo dogo, na fedha hizo zilimpa nafasi ya kufanya utafiti. Akafungua kampuni yenye jina lake, akisaidiana na ndugu yake Lyates.

Waya usiogusa

Sasa tufike kwenye kazi iliyompa jina.

Umeme una tabia moja ya ajabu. Ukizungusha waya mara nyingi kama mtu anayekunja kamba, ukapitisha humo umeme unaobadilika-badilika, unatokea uwezo wa sumaku kuuzunguka. Ukisogeza waya mwingine karibu, hata kama hazigusani, umeme unazaliwa katika waya huo wa pili. Simu za siku hizi zinazochajiwa kwa kulazwa tu juu ya kisahani, bila kuchomeka, zinatumia tabia hiyo hiyo. Na mfano ulio karibu zaidi na kazi yetu: ukiweka simu yako ya kitochi karibu na redio, sekunde chache kabla simu haijaita, redio huanza kukoroma trrr-trrr-trrr. Si jambo lile lile kabisa, ila linakuonyesha kwamba chombo kimoja kinaweza kukigusa kingine bila waya katikati.

Woods alitaka kuitumia tabia hiyo hivi. Waya wa telegrafu upite kando ya njia ya reli, ukiifuata kila inapokwenda. Chini ya behewa lifungwe duara kubwa la waya uliozungushwa mara nyingi. Mtu aliye ndani ya behewa akibonyeza kitufe cha telegrafu, umeme unapita kwenye duara, uwezo wa sumaku unavuka hewa, na alama zinaonekana kwenye waya wa njiani, zinakimbia hadi stesheni. Stesheni nayo ikijibu, safari ni hiyo hiyo kurudi. Treni inaendelea kukimbia na haigusi kitu.

Tafakari maana yake. Treni inaweza kuiambia stesheni ilipo. Stesheni inaweza kuiambia treni kwamba kuna mawe yameporomoka mbele. Na kwa kupitia waya huo huo, treni mbili zilizo kwenye njia moja zinaweza kusemezana, kila moja ikajua mwenzake yuko wapi. Aliyezoea kupiga simu kutoka ndani ya basi akaambiwa na mwenzake kwamba mbele kuna foleni atashangaa kusikia kwamba hili lilikuwa jambo la kupigania mahakamani.

Na kweli lilipiganiwa. Woods hakuwa peke yake katika wazo hili. Lucius Phelps alikuwa analifanyia kazi. Thomas Edison naye alikuwa analifanyia kazi, na Edison wakati huo alikuwa ndiye mgunduzi anayejulikana kuliko wote duniani, mwenye maabara, mawakili na magazeti yanayomwandika kila wiki. Katika kesi za namna hii ofisi ya hataza huuliza nani alianza kuwa na wazo na kulifanyia kazi. Woods aliweza kuonyesha kwamba yeye alitangulia. Alimshinda Phelps. Edison naye alipopinga, alishindwa, si mara moja bali mara mbili. Tarehe 29 Novemba 1887 Woods alipewa hataza yake. Inasimuliwa kwamba baada ya hapo Edison alimpa nafasi ya kazi kwenye kampuni yake, na Woods akakataa.

Magazeti ya watu Weusi yakaanza kumwita Edison Mweusi. Jina hilo limemganda hadi leo. Sisi hatulipendi sana, maana linamfanya mtu aonekane kivuli cha yule aliyemshinda.

Hapa tuweke wazi jambo moja. Kuna picha na ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ukisema Woods ndiye aliyegundua reli ya umeme, breki za upepo, simu na vingine chungu nzima. Si kweli, na hakuna haja ya kumwongezea. Breki za upepo zilikuwa za George Westinghouse, ambaye alipata hataza yake mwaka 1869. Treni ya umeme ilionyeshwa Berlin na Werner von Siemens mwaka 1879. Woods alichofanya ni kuboresha, na kuboresha mitambo ya usalama si kazi ya kubeza. Hata mfumo wake wa mawasiliano, pamoja na ushindi wote ule, haukuenea sana. Kampuni za reli ziliona gharama ya kutandika waya njia nzima na kufunga vifaa kwenye mabehewa ni kubwa, zikaendelea na ishara za kando ya njia na telegrafu ya stesheni hadi redio ilipokuja miongo mingi baadaye. Kupata hataza na kupata mteja ni mambo mawili, kama mkulima wetu yeyote aliyevuna mahindi mengi mwaka wa bei mbaya anavyojua.

New York, na jela

Mwaka 1890 Woods alihamia New York. Mji ulikuwa umejaa magari ya abiria ya kuvutwa na farasi, na kila mwenye fedha alitaka kuyageuza yawe ya umeme. Njia ya kawaida ilikuwa kutundika waya juu ya barabara. Watu walilalamika: waya zilikatika, zilichafua mandhari, na zingeweza kuua. Woods alibuni njia ya kupeleka umeme kutoka chini, kwa vipande vya chuma vilivyowekwa kati ya reli. Ujanja wake ulikuwa huu: kipande hakipati umeme mpaka gari liwe juu yake, na gari likishapita kinakufa. Mtoto au mbuzi akikikanyaga baadaye, hakidhuru.

Msomaji atagundua kwamba ni wazo lile lile la vipande, limegeuzwa upande mwingine. Kwa Robinson, treni inapokikalia kipande, kipande kinatoa taarifa. Kwa Woods, treni inapokikalia kipande, kipande kinaipa nguvu. Mafundi wa treni za mezani wa leo wanatumia yote mawili kwa pamoja, na wengi wao pengine hawajui walikopata.

Mwaka 1892 mfumo wake ulijaribiwa Coney Island, eneo la pwani la burudani la New York, kwenye njia iliyopinda kama namba nane. Ulifanya kazi. Lakini kampuni iliyokuwa imeshirikiana naye iliuchukua kama mali yake na haikumlipa alivyostahili. Woods akatangaza katika gazeti la wafanyabiashara wa reli kwamba mali hiyo ni yake na watu wasiuziwe na wasiohusika. Mkuu wa kampuni akamshtaki kwa kumchafulia jina. Woods akakamatwa na kutiwa jela. Hakuwa na fedha za dhamana, akakaa ndani. Kesi ilipofika mbele ya baraza la wazee wa mahakama, wakamwona hana hatia, akaachiwa.

Alitoka akiwa huru, ila miezi ilikuwa imepotea na mawakili wanataka chao. Kuanzia hapo maisha yake yalikuwa na mwendo mmoja unaochosha hata kuusimulia: anabuni kitu, mtu anakidai, anakwenda mahakamani, anashinda au anapatana, gharama zinakula alichopata, anauza hataza ili alipe deni, anabuni kingine. Watu hujiuliza kwa nini mtu mwenye makumi ya hataza alikufa bila mali. Jibu ni hilo. Hataza inakulinda kama una uwezo wa kuitetea, na mtu Mweusi New York miaka ile alitetea kila kitu mara mbili, kwanza kwamba kitu ni chake, kisha kwamba mtu kama yeye anaweza kukibuni.

Hata hivyo hakuacha. Mwaka 1899 alipata hataza ya kifaa cha burudani. Mwaka 1900 akapata nyingine ya mashine ya umeme ya kutotolesha mayai, inayoshika joto lisipande wala kushuka. Wafugaji wa kuku wa Korogwe wenye mashine hizo za kutotolesha wanajua umuhimu wa jambo hilo, umeme ukikatika usiku mmoja tu. Mwaka 1901 alipata hataza ya mfumo wa reli ya tatu, ile inayolazwa kando ya reli mbili za magurudumu kupeleka umeme kwa treni, nayo ikachukuliwa na kampuni ya General Electric. Treni za chini ya ardhi za New York, zilizofunguliwa mwaka 1904, zinapata umeme kwa njia ya namna hiyo.

Kuanzia mwaka 1902 alirudi kwenye breki. Breki za upepo za Westinghouse zilikuwa zimeokoa maisha mengi tayari, ila zilikuwa na kasoro zake kwenye treni ndefu. Woods alipata hataza kadhaa za kuziboresha, na kampuni ya Westinghouse ikazinunua. Tukikumbuka kilichotokea Msagali, hatuwezi kusoma habari za breki kwa haraka. Treni zinaweza kuzungumza kutwa nzima. Kama moja haiwezi kusimama, mazungumzo hayasaidii kitu.

Miaka ya mwisho

Woods aliishi Harlem, mtaa wa New York ambao Weusi wengi walikuwa wanaanza kuhamia. Januari 1910 alipata kiharusi. Alipelekwa hospitali ya Harlem, akafariki tarehe 30 Januari akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa katika makaburi ya St. Michael's huko Queens, bila jiwe lenye jina.

Wakati anakufa, reli ya Tanga ilikuwa imeshapita Mombo na inaendelea kujengwa kwenda Moshi. Treni zake ziliongozwa kwa telegrafu ya stesheni na stesheni, na dereva akishaondoka Korogwe hakuwasiliana na mtu tena mpaka afike mbele. Lile alilolitaka Woods mwaka 1887, treni isemezane na wanaoiongoza bila kusimama, limekuja kwetu kwa ukamilifu juzi tu. Treni za umeme za reli mpya ya SGR, zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, zina mtandao wao maalumu wa redio. Kichwa cha treni na kituo cha kuongozea vinawasiliana muda wote. Treni inaeleza ilipo, inapokea ruhusa ya kwenda umbali fulani na si zaidi, na dereva akipitiliza mtambo unakamata breki wenyewe. Hakuna duara la waya chini ya behewa. Ni redio, kama hii mnayotusikiliza. Kazi inayofanywa ni ile ile.

Tumemjibu pia msikilizaji wetu wa Handeni kwa simu. Alitaka kujua kama mtoto wake wa darasa la saba anaweza kutengeneza kitu kama kile cha kwenye video kwa mota za redio mbovu na betri. Tumemwambia treni moja inawezekana, aanze na hiyo, ahakikishe inasimama anapotaka isimame. Ya pili ndiyo inayoleta kazi.

Kaburi la Woods lilikaa bila jina kwa miaka 65. Mwaka 1975 mwanahistoria M. A. Harris aliyekuwa akifuatilia habari zake alizifuata kampuni kubwa zilizokuwa zimenufaika na kazi ya Woods, akaziomba zichangie. Zikachangia, na jiwe likawekwa. Mwaka 2004, treni za chini ya ardhi za New York zilipotimiza miaka 100, picha yake ilichapishwa kwenye mamilioni ya kadi za nauli, na mwaka 2006 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya wagunduzi wa Marekani. Jiwe lipo hadi leo, si mbali na uwanja wa ndege wa LaGuardia, lina jina lake na miaka yake.